Bodi ndogo kwa seva ya Linux nyumbani: Raspberry Pi 5, bodi ya N100 au kikompyuta cha ofisini cha mtumba?

Mashine ninayoizungumzia hapa inakaa juu ya kabati, nyuma ya ruta, ikiwaka mchana na usiku bila kioo wala kibodi. Yangu iko sebuleni, Tanga, karibu na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Inatunza picha za familia, inazuia matangazo kwenye simu zote za nyumba kwa Pi-hole ili bando lisiliwe bure, na kwa Kiwix inawapa watoto Wikipedia hata siku intaneti ikikata. Kazi zote hizo ni nyepesi. Kilichonichukulia muda ni kuchagua bodi.

Wengi wanaoanza hukwama kwenye njia panda hiyohiyo. Kuna Raspberry Pi 5, bodi ya ukubwa wa kitambulisho. Kuna bodi mama ya Mini-ITX yenye prosesa ya Intel N100 iliyogandishwa juu yake. Na kuna vikompyuta vya ofisini vya mtumba, vyenye umbo la kitabu kinene: Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro. Nimeishi na aina zote tatu kwa vipindi tofauti, na kila moja ilinifunza kwamba swali la kwanza kwa nyumba ya kwetu ni hili: umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, mashine itasimama yenyewe?

## Vigezo vyenyewe

Umeme unaoliwa ukutani. Namba ya wati inayotangazwa pamoja na prosesa, ile TDP, haikuambii utalipa nini. N100 imeandikwa wati 6, na i5-8500T iliyomo kwenye vikompyuta vingi vya ofisini imeandikwa wati 35. Ukisoma hapo tu utadhani ya pili inakula mara sita ya ya kwanza. Namba hizo zinahusu joto ambalo kipoza kinatakiwa kulimudu kazi ikiwa nzito. Seva ya nyumbani muda mwingi imetulia, na katika utulivu huo mashine hizi zinakaribiana sana. Kipimo cha haki ni mita ndogo ya kuchomeka ukutani.

Hesabu ni fupi. Wati moja ikiwaka mwaka mzima ni uniti 8.76. Mashine ya wati 10 inakula karibu uniti 88 kwa mwaka, na kama uniti moja inakufikia kwa shilingi 350, hiyo ni kama shilingi 30,700. Ukishapata namba hii utaona kwamba tofauti ya wati mbili tatu kati ya bodi na bodi haifai kukunyima usingizi. Lakini wapo wanaotakiwa kuwa makini zaidi: nyumba zilizo kwenye kundi la D1 la TANESCO, ambako uniti 75 za kwanza za mwezi ni za bei nafuu na zinazozidi hupanda bei kwa kishindo. Mashine ya wati 12 inaongeza uniti karibu 9 kila mwezi. Kama matumizi yenu yanacheza kwenye 70, hizo 9 zinawavusha mstari.

Umeme ukikatika na kurudi. Hapa naangalia mambo matatu: mashine kuwaka yenyewe umeme ukirudi, saa yake kubaki sahihi, na diski kutoharibika. Naongeza la nne, urahisi wa kuilisha kwa betri. Kwangu mimi faida kubwa ya bodi inayokula kidogo iko kwenye betri kuliko kwenye LUKU.

Nguvu ya kazi. Kuna kazi za kutunza na kugawa mafaili, ambazo karibu kila bodi ya leo inaziweza, na kuna kazi za kubadilisha video, kuchambua picha za kamera na kuendesha programu nyingi kwa pamoja.

Linux. Je, unasakinisha toleo la kawaida la Linux kama Debian, au unahitaji toleo lililotengenezwa kwa bodi hiyo peke yake?

Diski na matundu. Ngapi zinaingia ndani, na kwa njia gani: SATA ni tundu la waya wa diski za kawaida, M.2 ni tundu bapa la SSD ndogo (diski isiyozunguka), na NVMe ni SSD ya kasi.

Joto, vumbi, chumvi. Pwani feni hubeba chumvi na unyevu hadi ndani, na bara hubeba vumbi.

Kununua na kutengeneza. Bei ya bodi peke yake hudanganya. Jumlisha adapta, diski, kasha, RAM na kipoza, halafu uulize fundi wa mtaani kwako ataweza nini siku ikizima.

Kwa anayetaka picha ya haraka kabla ya maelezo (wati ni za ukutani, kwa makadirio, na hubadilika kulingana na diski na adapta):

| | Raspberry Pi 5 | Bodi ya N100 | Kikompyuta cha mtumba |
|---|---|---|---|
| Wati ikiwa imetulia | 3–4 | 7–12 | 8–15 |
| Wati kazi ikiwa nzito | 8–12 | 20–30 | 40–60 |
| RAM | imegandishwa, hadi GB 16 | tundu moja | matundu mawili |
| Diski za ndani | NVMe kwa kiunganishi cha ziada | M.2 moja, SATA moja au mbili | M.2 moja na ya inchi 2.5 moja |
| Feni | ya hiari kwa kazi nyepesi | nyingi hazina | ipo |
| Volti | 5 | 19, au pawa saplai ya ATX | 19 hadi 20 |

## Raspberry Pi 5

Umeme. Hakuna inayoifikia kati ya hizi tatu. Wati 3 au 4 ikiwa imetulia ni uniti karibu 3 kwa mwezi. Jambo moja watu hulikosa: ukiizima kwa amri ya kawaida bila kuchomoa waya, inaendelea kunyonya zaidi ya wati moja. Kuna mpangilio kwenye EEPROM yake (kumbukumbu ndogo ya kuwashia bodi), `POWER_OFF_ON_HALT=1`, unaomaliza tabia hiyo. Kwa seva inayowaka siku zote haijalishi, ila kwa mradi wa sola unaozimwa usiku inajalisha.

Umeme ukikatika. Ikiona umeme inawaka, basi. Hakuna menyu ya kuingia. Pi 5 pia imekuja na saa ya ndani inayoweza kushikiwa na betri ndogo inayonunuliwa kando, jambo ambalo Pi 4 haikuwa nalo, na kwa nyumba yenye intaneti ya kubahatisha hiyo ni nafuu kubwa. Bodi isiyo na saa ikiwaka wakati ruta bado inatafuta mtandao hudhani ni siku iliyozimwa, na vyeti vya tovuti vinaweza kukataliwa kwa sababu ya tarehe tu.

Udhaifu uko kwenye kadi ya SD. Kadi yangu ya kwanza ilikufa baada ya umeme kukatika mara tatu kwa jioni moja. Nilipochomeka kioo kilijaa herufi nyeupe, mstari wa mwisho ukisema mfumo hauoni mahali pa kuanzia. Picha hazikupotea kwa sababu zilikuwa kwenye diski nyingine, lakini mipangilio ya wiki mbili iliondoka. Tangu siku hiyo Pi ya nyumbani kwangu inawaka kutoka SSD, na kadi ya SD inabaki kwenye droo kwa dharura.

Nguvu. Viini vinne vya Cortex-A76 vya GHz 2.4 vinatosha Pi-hole, Kiwix, Samba (kugawa mafaili), Home Assistant (kuongoza vifaa vya nyumba) na Nextcloud (kutunza picha na nyaraka) ya familia. Video ndipo inapokwama. Inasoma HEVC (mfumo wa kubana video) kwa msaada wa chipu, ila haina sehemu ya kutengeneza video ndani ya chipu, kwa hiyo Jellyfin, programu ya kurusha filamu nyumbani, ikilazimika kubadilisha filamu ili simu iweze kuicheza, kazi yote inaangukia viini vinne. Kama vifaa vyako vyote vinacheza filamu ilivyo, hutagundua.

Linux. Raspberry Pi OS inatokana na Debian na inatunzwa vizuri. Karibu kila programu kubwa ina toleo la ARM, familia ya prosesa ya Pi, siku hizi, lakini utakutana na kontena (programu iliyofungashwa pamoja na mahitaji yake) moja moja iliyotengenezwa kwa prosesa za Intel na AMD peke yake. Angalia orodha yako kabla ya kununua.

Diski. Ina njia moja ya PCIe (njia ya kasi ya data) inayotoka kwa utepe mwembamba. Ukinunua bodi ndogo ya nyongeza unachomeka SSD ya NVMe. Ukitaka diski mbili kubwa kwa USB, fikiria umeme: Pi 5 inataka adapta ya volti 5 na ampea 5, ambayo chaja nyingi za simu haziitoi hata kama zimeandikwa wati 65. Ukiipa ya ampea 3, bodi inabana matundu yote ya USB hadi miliampea 600 kwa jumla, na diski inaanza kukatika katikati ya kunakili. Nimeona watu wakilaumu diski, wakanunua nyingine, kumbe ni chaja.

Joto. Ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza kasi. Kasha la alumini linalogusa chipu moja kwa moja linatosha kwa kazi nyepesi hata Februari ya pwani, na linakuondolea feni kabisa.

Kununua na kutengeneza. Bei iliyotangazwa mwaka 2023 ilikuwa dola 60 kwa GB 4 na dola 80 kwa GB 8. Hiyo ni bodi tupu. Ongeza adapta yake, bodi ndogo ya NVMe, SSD na kasha, na uichukulie jumla hiyo kama bei halisi. Ikiharibika, mafundi wengi hawataigusa. Unabadilisha nzima.

Inamfaa nani. Mwenye sola au betri ndogo, mwenye kazi nyepesi, na mtu anayetaka pini 40 za kuunganisha vihisi vya maji, mlango au shamba la kuku. Pini hizo hazipo kwenye chaguo zile mbili nyingine.

## Bodi ya Mini-ITX yenye Intel N100

Umeme. Inategemea unailisha vipi. ASRock N100DC-ITX ina tundu la adapta ya volti 19 kama ya laptopu, na kwa njia hiyo inatulia kwenye wati za tarakimu moja ukiwa na SSD tu. ASUS Prime N100I-D D4 inataka plagi ya pini 24 ya pawa saplai ya ATX. Ukiipachika kwenye pawa saplai kubwa ya wati 500 iliyotoka kwenye kompyuta ya mezani, nusu ya faida inapotea, maana saplai kubwa haina ufanisi inapobeba mzigo wa wati 8. Ukiwa na bodi ya aina hii tafuta saplai ndogo kabisa.

Umeme ukikatika. Inawaka yenyewe ukiiambia. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi inayofunguka kabla Linux haijawaka), tafuta mpangilio unaotaja kurudi kwa umeme, uweke iwashe. Fanya hivyo siku ya kwanza, kisha jaribu kwa kuchomoa waya ukutani mara mbili. Kwa betri ya volti 12 utahitaji kibadilishi cha kupandisha hadi 19. Kama sola ndiyo tegemeo lako na bado unaitaka N100, tazama vikompyuta vya kiwandani vyenye prosesa hiyohiyo: vingi vinakula volti 12. Hata hivyo weka kibadilishi cha kutuliza volti katikati, kwa sababu betri ya sola inapochajiwa hupita 14.

Nguvu. Viini vinne vinavyofika GHz 3.4, na ndani yake kuna Quick Sync, sehemu ya Intel ya kushughulikia video. Hapa ndipo bodi hii inajilipia. Jellyfin inabadilisha filamu kwa ajili ya simu mbili tatu kwa wakati mmoja bila kuhema, na inasoma hata video za AV1. Mwenye kamera za ulinzi nne anaweza kuendesha Frigate, programu ya kurekodi na kuchambua kamera, humu na prosesa ikabaki na nafasi.

Linux. Debian ya kawaida, faili la kawaida, kalamu ya USB. Kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 kisakinishi kinabeba fimweya (programu ndogo za kuendesha vifaa) ndani yake, kwa hiyo kadi ya mtandao ya Realtek iliyo kwenye bodi hizi haikuulizi maswali. Ukichukua toleo la zamani zaidi lenye kerneli (moyo wa Linux) isiyoijua prosesa hii, sehemu ya video inaweza kukusumbua.

Diski. Soma karatasi ya bodi kwa makini kuliko unavyosoma ya prosesa. N100 ina njia 9 tu za PCIe, na kila mtengenezaji anazigawa anavyoona. N100DC-ITX ina SATA mbili na M.2 moja, wakati ya ASUS ina SATA moja. Kama mpango wako ni diski mbili kubwa zinazotunza nakala ya picha zilezile, tundu hilo moja la tofauti ndilo litakaloamua. Na RAM ina tundu moja: Intel imeandika GB 16 kuwa kikomo, ingawa wengi wamechomeka 32 zikakubali. Angalia pia umbo, maana ya ASRock inachukua kijiti kirefu cha mezani na ya ASUS kifupi cha laptopu.

Joto. Nyingi hazina feni, bamba la alumini tu. Kwa nyumba ya karibu na bahari hiyo ni zawadi. Acha nafasi ya hewa juu yake; kasha lililofungwa juu ya kabati la mbao chini ya bati litapika bodi yoyote.

Kununua na kutengeneza. Hapa ndipo ugumu ulipo. Madukani kwetu bodi ya Mini-ITX ya N100 ni adimu, mara nyingi unaiagiza, unasubiri, unalipa ushuru, na ikifika imekufa kuirudisha ni safari nyingine. Upande wa pili wa sarafu ni umbo lenyewe. Mini-ITX ilianzishwa na VIA mwaka 2001, mraba wa sentimita 17, na haijabadilika. Kasha na diski unazonunua leo vitapokea bodi nyingine miaka sita ijayo. RAM na SSD vinachomoka. Hilo nalithamini sana.

Inamfaa nani. Anayetaka seva moja ya kudumu yenye diski ndani, video na kamera, na ambaye haogopi kuagiza na kufunga skrubu mwenyewe.

## Kikompyuta cha ofisini cha mtumba

Umeme. Hiki ndicho watu hukikataa kwa sababu ya ile wati 35. Kikiwa na SSD na bila kioo, chenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita hadi cha nane hutulia kati ya wati 8 na 15. Ukiendesha `powertop --auto-tune` unaweza kushusha mbili tatu. Kazi ikiwa nzito kinapanda hadi 50 na zaidi, lakini kwa dakika, si kwa siku nzima. Kati ya hiki cha wati 12 na Pi ya wati 4, tofauti ya mwaka ni uniti 70. Kwa shilingi 350 ni 24,500. Linganisha na tofauti ya bei ya kununua kabla ya kuamua.

Umeme ukikatika. Nina kisa. Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi saa tisa. Asubuhi dada alinigongea mlango: "Kaka, intaneti imekufa nyumba nzima, na bando ninalo." Bando alikuwa nalo kweli. Seva ilikuwa ndiyo inayojibu majina ya tovuti kwa simu zote, na seva haikuwaka. Nilipochomeka kioo nikakuta maandishi yanasema tarehe na saa hazijawekwa, bonyeza kitufe kuendelea. Kibodi hakikuwapo, kwa hiyo kikompyuta kilisubiri kidole tangu saa tisa. Betri ya simosi inayotunza saa na mipangilio ya BIOS, ile CR2032 ya duara kama sarafu, ilikuwa na volti 2.1 badala ya 3. Ilikaa humo tangu kiwandani. Betri ikiisha, BIOS inasahau kila kitu, pamoja na ule mpangilio wa kuwaka umeme ukirudi.

Kwa hiyo ukinunua cha mtumba, badilisha betri hiyo siku hiyohiyo, kabla hujasakinisha chochote. Kisha ingia BIOS uweke mpangilio (Dell wameuita AC Recovery, Lenovo wameuita After Power Loss). Na kwa amani ya nyumba nzima, iambie ruta itumie seva ya pili ya DNS (ya kujibu majina ya tovuti) kama akiba seva yako ikikosekana. Matangazo machache yatapita, ila hakuna atakayegonga mlango.

Nguvu. i5-8500T ina viini sita. Hata i5-6500T ya mwaka 2015 inaishinda N100 katika baadhi ya kazi na kushindwa katika nyingine. Kama video ndiyo shabaha, chukua kizazi cha saba au zaidi, kwa sababu Quick Sync ya kizazi cha sita haimudu HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo filamu nyingi za 4K zimefungwa nayo. Matundu mawili ya RAM yanakupa GB 32 bila shida, na hapo unaweza kuendesha Proxmox, mfumo wa kuigawa kompyuta moja kuwa mashine pepe, ukawa na kadhaa za kujifunzia.

Linux. Hakuna bodi iliyotulia kwenye Linux kuliko hizi. Kadi ya mtandao kwa nyingi ni ya Intel, na kila kitu kina umri wa kutosha kwa makosa kuwa yamerekebishwa.

Diski. Moja ya NVMe na moja ya inchi 2.5. Diski kubwa ya inchi 3.5 haiingii, na hapo utategemea USB.

Joto. Feni ipo, na itakuwa imebeba vumbi la ofisi ya watu kwa miaka. Kifungue, kipulize, na upake upya dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na bamba. Changu kilikuwa na tandabui la vumbi la rangi ya kijivu, zito kama kitambaa cha flana, limeziba mapezi yote ya kipoza. Baada ya kulitoa sauti ya feni ilipotea.

Kununua na kutengeneza. Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, unakishika mkononi kabla ya kulipa, na bei inakuja na kasha, adapta, RAM na mara nyingi SSD. Dukani omba kiwashwe, kisha ingia BIOS palepale: F1 kwa ThinkCentre, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Kikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, kirudishe rafuni. Utafungiwa nje ya mipangilio ileile unayoihitaji. Angalia adapta pia. Dell na HP zina pini ya katikati inayotambua adapta, na ukichomeka isiyotambulika mashine inaweza kulalamika au kujipunguza kasi. Ubaya wa jumla ni kwamba hujui kilipita wapi. Uzuri ni kwamba fundi yeyote wa laptopu anakielewa.

Kinamfaa nani. Anayeanza, mwenye bajeti finyu, anayetaka kujifunza seva kwa upana, na anayeishi mahali ambapo kuagiza kitu ni tabu.

## Wengine wawili waliobisha hodi

Bodi zenye chipu ya Rockchip RK3588 na nduguye RK3588S, kama Radxa ROCK 5B na Orange Pi 5, zina viini vinane na zinaishinda Pi 5 kwa nguvu. Nazipenda kwa mashine, nazihofia kwa programu: muda mrefu zilitegemea kerneli ya mtengenezaji, na mradi wa Armbian ndio umezibeba nyingi mgongoni. Kama unafurahia kusoma kumbukumbu za kerneli usiku, karibu.

Laptopu ya zamani iliyovunjika kioo ni seva yenye UPS yake ndani. Ukikatika umeme inaendelea. Ila betri ya zamani inayochajiwa mwaka mzima inaweza kuvimba. Ikague kwa mkono kila mwezi, na ukiona kibodi kinainuka, itoe betri siku hiyo.

## Kwa hali yako

Kama unategemea sola, au mgao wa umeme kwenu ni wa saa sita, anza na Pi 5 kwenye SSD. Betri ya UPS ndogo ya volti 12 na Ah 7 ina Wh 84 kwenye karatasi. Ukitoa kinacholiwa na UPS yenyewe na sehemu ya betri isiyofaa kumalizwa, hesabu nusu au chini ya hapo. Kwa wati 4 bado unavuka jioni. Kwa wati 15 hufiki mbali.

Kama lengo ni picha na video za familia zilizopigwa miaka kumi, na hutaki zipotee, chukua N100 yenye SATA mbili, diski mbili, na nakala ya tatu nyumbani kwa ndugu. Usipoweza kuagiza, kikompyuta cha mtumba chenye SSD ndani na diski ya USB yenye adapta yake kinafanya kazi hiyohiyo.

Kama ni kamera za ulinzi, N100 au cha mtumba cha kizazi cha nane. Pi itachoka.

Kama ni maktaba ya Kiwix au Kolibri kwa watoto wa mtaa au darasa lisilo na intaneti, Pi 5 ya GB 4 inatosha na inabebeka kwenye mfuko wa shati. Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100, ya Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya hiyo, kwa hiyo pima SSD kwa lugha unazotaka.

Kama unajifunza kazi ya usimamizi wa seva ili uajiriwe, chukua cha mtumba chenye GB 16 au zaidi. Utavunja na kujenga mashine pepe kila wiki, na hakuna utakachoharibu.

Na kama bado hujui seva yako itafanya nini, azima laptopu yoyote iliyolala kabatini, isakinishe Debian, iwashe kwa mwezi mmoja ukiwa na ile mita ya ukutani. Andika kila wiki programu ulizotumia kweli, RAM iliyoliwa kwa `free -h`, na wati ulizosoma. Karatasi hiyo ndiyo ya kwenda nayo dukani.